Jina la Dawa Nililomwandikia Sekela

Nasikia siku hizi mtoto akiandikishwa kwenye utafiti wa dawa mnabonyeza tu kwenye simu na mambo yake yote yanakaa humo. Sisi tulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, kalamu ya wino wa bluu, na mzani mdogo wa kupimia tyubu. Wasimamizi wenu wameniomba niwaeleze ninyi watafiti vijana kazi ilivyokuwa. Nitawaeleza, ila msitegemee nianze mwanzo niende hadi mwisho. Kuna jambo moja ninalotaka kweli mlijue, na kwa kuwa linaniuma, nitalizunguka kidogo kabla sijalifikia.

Naitwa Tupokigwe. Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja hapa wilayani Rungwe, na kwa kipindi fulani nilipewa kazi ya utafiti wa watoto wenye ukurutu, ugonjwa ambao wengi wenu mnauita pumu ya ngozi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi hamkuwapo. Kabla yake tuliogea sabuni ya kipande, tena tukiipata. Halafu ghafla maduka ya Tukuyu yakajaa sabuni za kunukia, mafuta ya kila rangi na masweta ya mitumba yanayowasha kama upupu. Watoto wenye ngozi dhaifu walikiona cha moto. Na dawa nazo zikaanza kuuzwa kila kona kwenye maduka ya dawa baridi, nyingine zikipitia Kasumulu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nyuma ya meza mara nyingi alisimama mtu ambaye juzi tu alikuwa anauza misumari.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Tyubu za aina mbili, zote nyeupe, zote sawa kwa macho. Moja ilikuwa na dawa, nyingine ilikuwa na mafuta matupu. Mtoto alipewa kufuatana na bahasha iliyofungwa, na hata sisi hatukujua amepata ipi. Kila baada ya wiki mbili alirudi, tukatazama ngozi, tukapima tyubu kuona imepungua kiasi gani.

Huo mzani ulinifundisha mengi kuhusu watu. Bibi mmoja wa Masoko alirudisha tyubu ya mjukuu wake ikiwa imeisha kabisa kwa siku nne. Nikamwuliza, "Bibi, mtoto huyu mdogo mmempaka yote hii?" Akanijibu bila aibu, "Mtoto tulimpaka. Na mimi magoti yangu je, hayaumwi?" Baba mwingine, wa Suma, alirudisha tyubu nzito kuliko tuliyompa. Kumbe iliisha, akaogopa kugombezwa, akaijaza mafuta ya kupikia kwa bomba la sindano. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Msiwakasirikie watu wa namna hiyo. Walikuwa wanajaribu kutupendeza, na mtu anayejaribu kukupendeza hatakuambia ukweli mpaka umwondolee hofu.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Ambakisye, daktari msaidizi aliyesimamia kazi yetu pale hospitali. Alikuwa mfupi, mpole, na kofia yake ya sufi haikuvuliwa hata ndani ya wodi. Mtoto wa kwanza niliyetumwa kumwandikisha alikuwa kijana wa miaka kumi na tatu. Nilikwenda kwao, nikazungumza na baba yake kwa Kinyakyusa, tukaelewana vizuri, akaweka dole gumba kwenye fomu. Nikarudi nimeishika kama cheti cha ndoa.

Mzee Ambakisye akaitazama. "Na mtoto amesemaje?"

"Baba yake amekubali, Daktari."

"Nimesikia. Ngozi ni ya nani?"

Nikarudi tena kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo. Yule kijana alikuwa amejificha kwenye migomba. Alipotoka akaniambia hataki, haogopi dawa, ila anaogopa kuvuliwa shati na kupigwa picha. Nilirudi na fomu tupu, nikijua nitagombezwa. Mzee akasema, "Vema. Mwambie aje tumtibu kama mgonjwa mwingine yeyote." Akamtibu. Kijana hakuandikishwa popote, na hakunyimwa kitu.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Kwa hiyo nisiseme sikufundishwa.

Sekela aliletwa na baba yake kutoka Kinyala. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba, mrefu, mwembamba, na alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu juu ya gauni la mikono mirefu. Baba yake alikuwa mchuma chai kwenye shamba kubwa, mjane aliyelea watoto peke yake. Nilipomwomba binti avue sweta alinitazama kwanza, kisha akageukia ukuta, akavua. Mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingo, kope za macho: pote ngozi ilikuwa imekuwa nene, nyeusi, imepasuka, na mahali pengine inatoa maji. Shuleni walimwita Gome. Hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja.

Daktari mkuu wa utafiti alikuwa ametoka Dar es Salaam siku hiyo. Alizungumza Kiswahili cha haraka, na baba yake Sekela Kiswahili chake kilikuwa cha kazini tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyefasiri. Nilieleza yote: bahasha, tyubu mbili, kwamba anaweza kupata isiyo na dawa, kwamba anaweza kuacha siku yoyote. Kisha Sekela, ambaye Kiswahili alikijua vizuri, akauliza mwenyewe.

"Ikinisaidia, halafu ninyi mkaondoka, mimi nitapaka nini?"

Daktari akatazama saa. "Tutaona," akasema.

Baba akanigeukia. "Amesemaje, Sista?"

Wanangu, nilitaka sana yule mtoto aandikishwe. Nilikuwa nimeiona shingo yake. Nikamfasiria baba kwa Kinyakyusa kwamba daktari amesema wasiwe na wasiwasi, hawataachwa. Sekela alinisikia. Alijua lugha zote mbili, alijua daktari hakusema hivyo. Aliniangalia kidogo, nadhani aliamua kwamba mimi najua kitu asichokijua yeye. Akasema, "Basi nakubali." Baba yake akaweka dole gumba, akaniambia, "Ndaga fijo, Sista," yaani asante sana.

Alipata tyubu yenye dawa. Hatukuambiwa, lakini mwezi ulipokwisha hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wote. Oga maji ya uvuguvugu, si ya moto, hata kama Tukuyu kuna baridi. Usijisugue na dodoki. Jikaushe kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mazito mwili mzima. Dawa ni ya pale penye ugonjwa tu. Ikamue kuanzia pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hadi nchani. Kiasi hicho kinatosha sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima. Kata kucha. Yeye alishika haraka kuliko wote, na tyubu yake ilikuwa inapungua sawasawa na hesabu yetu mpaka Mzee Ambakisye akawa anauliza, "Yule karani wetu wa Kinyala amekuja?"

Pasaka ile aliimba kwaya amevaa gauni la mikono mifupi. Nilikuwapo. Alikuwa anainua mikono juu zaidi ya wenzake wote, hata pale wimbo usipohitaji.

Miezi michache baadaye utafiti ukafungwa. Tuliambiwa tukusanye tyubu zote, hata zilizobaki na dawa, zirudishwe Dar zikapimwe. Hakuna aliyesema neno juu ya watoto. Mzee Ambakisye aliandika barua kuuliza, na nadhani aliandika zaidi ya moja. Majibu sikuyaona.

Nilikwenda Kinyala na gari la utafiti. Sekela alitoa tyubu yake kutoka ndani ya kikombe cha bati alipokuwa anaitunza. Ilikuwa imebaki nusu. Akanikabidhi bila kulia.

"Sista, inaitwaje?"

Tulikuwa tumeshaambiwa ni dawa gani. Kanuni ilikataza kulitaja jina hilo kwa wagonjwa mpaka tupate maelekezo. Kanuni yenyewe nisingeijutia kuivunja. Ninachojutia ni namna nilivyoivunja. Dereva alikuwa anapiga honi, mvua inakuja, barabara ile ikilowa hatutoki. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika jina kwa herufi kubwa, nikamkunjia kiganjani. "Ukikua, ukipata hela, ulizia duka la dawa," nikamwambia. Nikajiona mtu mwema. Nilipanda gari nikiwa na furaha.

Sikumwambia kwamba dawa ile ina ndugu zake wengi, wapole na wakali, na kwamba wakali hawapaswi kukaribia macho. Sikumwambia kwamba hata ile pole haipakwi mwaka mzima bila mtu kuitazama. Sikumwambia kwamba sisi tulikuwa tunamkagua kila wiki mbili si kwa ajili ya daftari tu. Nilimpa jina, basi.

Sekela alifaulu, akaja sekondari hapa mjini. Mwaka wake wa pili nilikutana naye sokoni, amebeba mkungu mdogo wa ndizi, anacheka na wenzake. Uso wake ulikuwa laini, unang'aa, mweupe kuliko nilivyoukumbuka.

"Sekela! Ngozi yako jamani, inang'aa!"

"Ni wewe, Sista," akasema kwa furaha. "Ile uliyoandika haikuwepo. Wakanipa nyingine, wamesema inafanya kazi upesi zaidi."

Nikamwambia vizuri, nikamsifu tena, tukaagana. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi. Mishipa midogo ilikuwa inaonekana kwenye mashavu yake kama nyuzi. Niliiona. Macho yangu yaliona ngozi nyembamba na mdomo wangu ukasema ngozi nzuri. Kila aliyemwona siku zile alimsifu, na sifa zangu, kwa kuwa nilikuwa Sista, zilikuwa nzito kuliko za wote.

Karibu miaka miwili ilipita tena kabla baba yake hajamleta hospitali. Alikuwa amemshika mkono. Sekela alisema alianza kwa kujikwaa, akadhani ni uzembe. Baadaye akawa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mwalimu alimwambia anajifanya. Siku alipomwaga chungu cha maharage chote nje ya meza, ndipo baba alipoelewa.

Mzee Ambakisye alimpima alivyoweza, akamwuliza anapaka nini. Sekela akatoa tyubu kwenye mfuko wake. Ilikuwa ya kutoka ng'ambo, kali, ambayo sisi tungeitoa kwa siku chache tu, tena kwa nyayo au viganja. Alikuwa akipaka kwenye kope asubuhi na jioni kwa sababu pale ndipo ukurutu ulipomsumbua zaidi. Dawa ile ilikuwa imepandisha presha ndani ya macho, taratibu, bila maumivu, na presha ikaua mishipa ya kuonea.

Baba yake akatoa na karatasi. Imekunjwa mpaka imekuwa kama kitambaa. "Tulifuata hii aliyotuandikia Sista," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatoa ushahidi kwamba hawakufanya mambo kiholela.

Mzee Ambakisye aliutambua mwandiko wangu. Hakunitazama. Alimwandikia rufaa ya kwenda Mbeya, akamweleza Sekela polepole kwamba dawa asiiache ghafla, akampa ratiba ya kuipunguza huku akilinda macho. Walipotoka, akafunga mlango.

"Daktari, ni mimi," nikasema.

"Nimeona."

"Nilimwonea huruma."

"Nimelijua hilo pia." Akavua kofia yake, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kukiona kichwa chake. "Kule Mbeya watamwambia macho hayarudi. Nenda kamwambie mengine wewe mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia kwa niaba yako."

Sikwenda. Wanangu, hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilisema wiki ijayo. Nilisema akishazoea. Mzee Ambakisye alistaafu, akafariki, na mpaka kufa kwake hakuniuliza tena, ingawa kila tuliposalimiana niliona swali limesimama kati yetu. Nilikwenda Kinyala nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu.

Sekela alikuwa amekaa barazani kwa baba yake anapukuchua maharage. Alikuwa ameolewa, mume anafanya kazi Mbeya mjini, anakuja mwisho wa mwezi. Ukurutu ulikuwa umerudi viwikoni. Kando yake, juu ya mkeka, alilala mtoto wa miezi minane.

"Nani?" akauliza.

"Tupokigwe. Sista wa tyubu."

Akatabasamu. Lile tabasamu lilinifanya nitamani kurudi nilikotoka. Nikakaa chini, nikamwambia yote. Nilianza na neno "tutaona" nililoligeuza mbele ya baba yake. Nikaja kwenye karatasi na honi ya gari. Nikamaliza na siku ile sokoni, kwamba niliiona mishipa mashavuni nikamsifu. Vidole vyake viliendelea kupukuchua mpaka nilipomaliza, kisha vikaacha.

"Unajua mimi nimeishije?" akasema. "Mbeya waliniambia ni ile dawa. Nikasema basi ni mimi. Nilitaka urembo, Mungu akanionyesha. Hata mchungaji nilimwambia hivyo, akaniombea msamaha. Miaka yote hiyo, Sista, nimeomba msamaha kwa kutaka kuwa na ngozi kama ya watu."



"Neno la 'tutaona' nililisikia," akaendelea. "Nilijua umeongopa. Nilidhani unaongopa kwa sababu una uhakika. Ungekuja mapema. Macho yasingerudi, najua. Lakini ungekuja."

Nikalia. Yeye hakulia, na hakuninyamazisha. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba, maana ningekuwa namwongezea mzigo mwingine wa kunibebea. Ninyi mkikosea, nanyi mtakosea, nendeni siku ileile, kabla mgonjwa hajajitafutia maelezo yake mwenyewe. Maelezo atakayojitafutia yatakuwa mabaya kuliko ukweli wenu.

Nilipokuwa nanyanyuka, mtoto aliamka, akaanza kusugua mashavu yake kwenye mkeka. Sekela akamchukua, akamweka mapajani mwangu bila kuuliza kama nataka.

"Mtazame. Mikononi nasikia pakavu. Mama mkwe anasema ni joto."

Nikamtazama kama ninavyojua kutazama. Wekundu mashavuni, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya viwiko. Nikamwambia si joto. Nikamwambia ni ukurutu, kwamba watoto wengi huwaishia wakikua, na kwamba wengine hauwaishii. Tulichemsha maji tukayaacha yapoe, tukamwogesha pamoja, nikamwekea vidole vyake mahali palipo pabaya ili avijue kwa kugusa. Nikamwambia dawa ipi, kiasi gani, siku ngapi, wapi isifike kabisa, na kwamba nitakuja kila baada ya wiki mbili kumkagua. Kila sentensi alinirudishia kwa sauti, bila kukosea. Baba yake alikuwa amerudi kutoka kuchuma chai, amesimama mlangoni na kikapu chake, anasikiliza. Hakunisalimia, ila alileta kigoda akakiweka karibu yangu.

Mtoto akatulia. Sekela alimfunika kanga, akakaa naye kifuani kwa muda. Kisha akasema, "Sista, sasa niambie yeye yukoje."

"Mzuri," nikasema.

"Hapana. Kila mtu ananiambia mzuri. Wewe niambie ukweli."

Nikasogea mwangani. Nikamwambia ana paji pana kama la babu yake. Masikio makubwa kidogo, la kushoto limekaa nje kuliko la kulia. Nywele chache, nyuma ya kichwa hamna kabisa, amezisugulia kwenye mkeka. Ngozi ya mashavuni imepasuka, shavu moja lina kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi. Pua ya kwako. Rangi ya kwako, ile ya zamani, kabla ya dawa. Kope ndefu, kavu pembeni. Macho meusi, mazima, na saa hii yanakutazama wewe.

"Endelea," akasema.